Perique, ya moshi au Latakia: kiungo kipi, na gramu ngapi, kwenye tumbaku ya kiko

Mtu akiniuliza kama tumbaku fulani ni kali, huwa namuuliza na mimi: kali wapi? Puani, ulimini au kichwani? Kiswahili chetu kina neno moja kwa pilipili, kwa wembe, kwa jua la saa saba na kwa tumbaku, na katika kuchanganya tumbaku ya kiko neno hilo moja limewapoteza wengi. Mtu anasikia Perique, jani la Marekani lililovundikwa pipani, ni kali, anasikia Latakia, jani la Syria na Cyprus lililofukizwa, ni kali, anasikia ya moshi, jani lililokaushwa juu ya moto wa kuni, ni kali, basi anazipima zote kwa kijiko kimoja. Mwisho wake ni chupa nzima ya mchanganyiko usiovutika.

Nimepita huko. Mchanganyiko wangu wa kwanza niliutia theluthi nzima ya Perique. Nilikuwa nimeinusa ikiwa bado kwenye mfuko, ikanukia tende na ukwaju, nikaamini kwamba jani lenye harufu nzuri hivi haliwezi kuharibu kitu. Kiko kilipofika nusu, koo lilikuwa limekauka, pua inawasha kana kwamba nimeinamia kinu cha pilipili manga, na utamu wa tumbaku niliyoanza nayo haupo tena. Jani lilikuwa zuri, kipimo ndicho kilichokosewa. Mpishi wa pilau anaijua habari hii: karafuu nne sufuriani zinamfanya jirani achungulie, karafuu kumi na tano zinatia ulimi ganzi, na karafuu ni zile zile.

Kwa hiyo hapa nitayaweka kando kwa kando majani ambayo wachanganyaji huyatumia kama viungo, yaani majani yasiyobeba sufuria nzima bali huitia ladha, niseme kila moja lina ukali wa namna gani na uanzie gramu ngapi. Naandika kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta. Tumbaku ni tumbaku. Moshi wa kiko haumezwi, lakini nikotini hupenya kwenye ngozi laini ya mdomo, na saratani ya mdomo na koo haiulizi kama ulivuta kiko au sigara. Asiyevuta, asianze kwa sababu yangu.

Kwanza ujue sufuria yako ina nini

Michanganyiko mingi husimama juu ya tumbaku ya mvuke, ile iitwayo Virginia. Msomaji wa Tabora, Urambo, Kaliua au Chunya hahitaji kuelezwa: ni ile inayotundikwa kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia, na kukaushwa kwa joto linalopita ndani ya mabomba, moshi wa kuni usiguse jani. Inatoka ya manjano au rangi ya chungwa, ina sukari nyingi. Sukari hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo lawama yake. Ukiivuta taratibu ni tamu kama mkate uliopakwa asali, ukiivuta kwa haraka inaunguza ncha ya ulimi.

Msingi wa pili ni tumbaku ya hewa, inayoning'inizwa kivulini mpaka igeuke kahawia yenyewe. Hii karibu haina sukari. Inakumbusha karanga na kakao chungu, na inafyonza ladha yoyote utakayoilaza nayo.

Nasema haya kwa sababu kiungo huchaguliwa kulingana na kile ambacho msingi hauna. Ya mvuke ina utamu, inakosa uchachu na kina. Ya hewa ina mwili, inakosa utamu na manukato. Mtu anayenunua kiungo kabla ya kujua msingi wake unapungukiwa na nini hawezi kujua kiasi, hata apewe mizani ya dhahabu.

Na mizani unaihitaji kweli, ile ndogo ya sonara inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Mimi hujaribu kwa gramu 20 kila mara. Hesabu yake ni nyepesi: gramu 1 ni asilimia 5, gramu 2 ni asilimia 10, na ukiharibu umeharibu viko vichache tu. Vipimo vyote vinavyofuata ni kwa uzito, kati ya gramu 20. Angalizo moja: Perique mara nyingi huja ikiwa na unyevu mwingi kuliko msingi wako. Iache wazi kwenye sahani mpaka zote mbili zishike mkononi namna moja, ndipo upime, la sivyo utakuwa umepima maji.

Perique: ukali wa puani

Perique ya asili inatoka mahali padogo mno. Ni St. James, katika jimbo la Louisiana kule Marekani, ukingoni mwa mto Mississippi kati ya New Orleans na Baton Rouge, kwenye ukanda uitwao Grand Point. Wenyeji wa asili, Wachoctaw na Wachickasaw, walikuwa na tumbaku yao huko kabla ya wageni. Mkulima aitwaye Pierre Chenet ndiye anayetajwa kwamba mwaka 1824 aliichukua njia yao ya kulibana jani, akaifanya biashara.

Njia hiyo inastahili kuelezwa taratibu, kwa maana kiasi unachotia kinatokana nayo. Mmea hukatwa mzima na kutundikwa bandani mpaka majani yakauke. Kisha mshipa mnene wa katikati hung'olewa, jani hulowanishwa kidogo, na majani husokotwa mafungumafungu, kila fungu karibu nusu kilo. Mafungu hayo hushindiliwa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyowahi kuwa na wiski, na jeki ya parafujo huyakandamiza kutoka juu mpaka jani lilale ndani ya maji yake lenyewe. Baada ya miezi pipa hufunguliwa, mafungu hutolewa na kukung'utwa ili yapate hewa, hurudishwa, hukandamizwa tena. Hilo hufanyika angalau mara tatu, na kazi yote huchukua kama mwaka. Aliyewahi kuvundika ndizi ana mwanga wa kinachotokea humo, ila hapa kuna hamira inayofanya kazi gizani kwenye hewa kidogo. Mojawapo iliyoonekana kwa wingi inaitwa Pichia anomala. Jani linaloingia kahawia linatoka jeusi, lina mafuta, linang'aa.

Ukifungua mfuko wake, harufu ya kwanza ni ya tunda lililoiva kupita kiasi. Ngoja kidogo, inakuja ya ukwaju, na nyuma yake siki kwa mbali. Mimi inanikumbusha achari ya ndimu ambayo imekaa juani wiki mbili, kabla haijatiwa pilipili. Pilipili yenyewe unakutana nayo ukishawasha: toa moshi kidogo kwa puani na utaihisi juu, karibu na macho, kama pilipili manga iliyosagwa sasa hivi. Ulimi hauungui sana. Na hilo ndilo ajabu la jani hili, kwamba linawasha pua lakini linaupunguzia ulimi moto wa tumbaku ya mvuke. Nikotini inayo ya kutosha, ila si hiyo inayokuambia umezidisha. Inayokuambia ni pua.

Sasa kiasi. Gramu 1 katika 20 huitambui kama Perique. Unachotambua ni kwamba ya mvuke imekuwa mviringo, haina kona, na ulimi umetulia. Kwa anayelalamika kuungua ulimi, mimi humwambia aanzie hapo na pengine aishie hapo. Gramu 2 ndipo jani linapotaja jina lake: uchachu wa tunda unaonekana, pilipili inagonga mara moja moja. Hapo ndipo nyumbani kwangu. Gramu 3 ni kwa mtu anayekula pilipili kichaa bila maji pembeni, na ni bora mchanganyiko ukae kwanza. Gramu 4 hadi 5 zinawezekana ikiwa tumbaku imebanwa pamoja na kuwekwa muda mrefu. Zikichanganywa leo na kuvutwa kesho, utarudi kule nilikoanzia mimi. Ukipita robo, hicho si kiungo tena.

Kubanwa kunabadilisha hesabu kuliko watu wanavyodhani. Tazama Escudo, tumbaku ya kopo ya dukani, ambayo ni ya mvuke na Perique peke yake: majani yamesokotwa kuwa kamba, yakabanwa, yakakatwa vipande vya duara kama sarafu. Katika sarafu moja unaziona zote mbili, pete za kahawia na nyuzi nyeusi katikati, na kwa sababu zimekaa zimekumbatiana chini ya uzito, moshi wake haukupi mvuke kwanza halafu Perique baadaye. Unakupa kitu kimoja. Mchanganyiko wa mkono kwenye bakuli hauna faida hiyo, kwa hiyo uupunguzie gramu moja.

Jambo la kuangalia dukani: shamba la St. James ni dogo, kwa hiyo kuna Perique inayouzwa ikiwa imechanganywa na jani lililolimwa jimbo la Kentucky na kupitishwa kwenye mapipa kwa njia ile ile. Si udanganyifu na si mbaya. Lakini si jani lile lile, na vipimo ulivyovizoea kwa moja usivihamishie kwa nyingine bila kujaribu.

Ya moshi: ukali wa kichwani

Hili jani nimelijua kabla sijajua kiko ni nini. Upande wa mama ni watu wa Namtumbo, na kule Ruvuma tumbaku ilimaanisha tumbaku ya moshi. Bani la mjomba lilikuwa la fito na udongo, paa la nyasi. Majani yalitundikwa juu, yakaachwa siku kadhaa mpaka yaive manjano, kisha moto ukawashwa chini, sakafuni, si ndani ya bomba. Moto wenyewe si wa kuwaka. Magogo yalilazwa yafuke tu, na mjomba alikuwa akiingia usiku kuyarudisha nyuma yakianza kutoa ndimi. Asubuhi moshi ulikuwa unatoka kwenye nyasi za paa pole pole, kama mvuke kwenye kifuniko cha chungu. Sare zetu za shule zilinukia bani hata zikifuliwa. Siku moja nilichukua kipande cha jani lililokwisha kukauka, rangi ya udongo mweusi, nikataka kulitafuna kama nilivyoona wazee. Mjomba alinishika mkono akaniambia, "Hiyo usiiguse na njaa, mwanangu. Itakulaza."

Maneno yale ndiyo maelezo bora ya jani la moshi niliyowahi kuyasikia. Ukali wake hauko puani wala ulimini. Sukari yake ni kidogo, kwa hiyo haichomi. Unavuta, unaona mbona ni laini, unavuta tena, na dakika kumi baadaye unatafuta pa kukaa. Tumbaku imekulevya. Nikotini yake ni nyingi kupita majani yote ninayoyataja hapa, na inakuja kwa kuchelewa.

Wachanganyaji wa Marekani na Ulaya hulijua zaidi kwa jina la Kentucky, kwa kuwa huko, magharibi mwa Kentucky na ng'ambo ya mpaka Tennessee, ndiko linakolimwa na kufukwa kwa kuni za miti migumu zilizofunikwa unga wa mbao. Lakini jani la Afrika limo kwenye viko vya watu siku nyingi: wasokotaji wa tumbaku ya kamba wa mji wa Kendal, kaskazini ya Uingereza, hutumia ya moshi kutoka Malawi. Na Waitalia wanaonyesha upande mwingine kabisa, maana sigari yao iitwayo Toscano inatengenezwa kwa Kentucky tupu. Jani hili linaweza kusimama peke yake. Perique haiwezi hivyo, au tuseme inaweza kwa mtu mmoja katika wengi.

Harufu yake ni nyama ya kubanika, jiko la kuni asubuhi, ngozi ya kiatu kipya. Kiasi: gramu 1 katika 20 inaipa tumbaku ya mvuke uti wa mgongo bila moshi kujitangaza. Gramu 2 hadi 3 unaonja nyama ya kubanika na mwili unajaa. Gramu 4 tayari ya moshi ndiyo inayosema na msingi unaitikia. Zaidi ya hapo si dhambi, ila ule kwanza, ukae, na uvute kiko kidogo. Kwenye msingi wa tumbaku ya hewa unaweza kupanda kidogo, kwa kuwa ladha zao ni ndugu. Lakini angalia, mwili wa hewa na mwili wa moshi vikijumlishwa vinakuwa vizito, na bila ya mvuke angalau theluthi hakutakuwa na utamu hata kidogo.

Msomaji wa Songea ataniuliza kwa nini asichukue jani shambani. Jani hilo hupitia chama cha msingi hadi sokoni, na lililokaushwa karibuni bado lina ukali mbichi wa kukwaruza koo. La kutia kwenye kiko limelazwa na kukomaa kwanza.

Mbili hizi zikiwekwa mezani pamoja

Kuna tumbaku moja ya zamani inayojibu swali la "hii au ile" vizuri kuliko maelezo yangu. Three Nuns ilijulikana miaka mingi kwa mvuke na Perique. Ya sasa haina Perique. Mahali pake pamewekwa Kentucky ya moshi. Umbo ni lile la sarafu, jina ni lile, kiungo kimebadilishwa. Waliokuwa wakiivuta zamani wakisema siyo ile, hawasemi kwa ukaidi wa wazee. Uchachu wa tunda umeondoka, na uchachu ndio uliokuwa ukiuvunja utamu wa mvuke. Kilichoingia ni joto la kuni na nguvu ya kichwani. Zote mbili zinakamilisha msingi ule ule, lakini moja inakamilisha kama ndimu kwenye mchuzi na nyingine kama supu ya mifupa kwenye mchuzi. Hakuna mpishi atakayekuambia zinabadilishana.

Kwa hiyo uchaguzi wangu ni huu. Ukivuta asubuhi, ukivuta kabla ya kula, au ukiwa mwepesi wa kizunguzungu, chukua Perique gramu 1 hadi 2 na uache ya moshi. Ukivuta baada ya chakula cha usiku na tumbaku ya mvuke peke yake inakuacha ukiona kama hujavuta, chukua ya moshi gramu 2. Mwenye mafua ya mara kwa mara au pua nyepesi atateseka na Perique hata kidogo, wakati ya moshi haitamfanya kitu. Na mwenye ulimi unaoungua asitafute nafuu kwa kupunguza kila kiungo, kama watu wanavyoshauriana, kwa sababu kinachomuunguza ni sukari ya msingi na haraka yake. Gramu 1 ya Perique itamsaidia kuliko sifuri.

Kuzitia zote mbili katika mchanganyiko mmoja nimejaribu mara nyingi. Gramu 1 na gramu 1 katika 20 inakubali. Gramu 2 na 2 zinapigana, kila moja inaimba kwa sauti yake, na sijaona sababu ya kuendelea.

Latakia: yenye sauti kubwa, lakini mpole

Hapa ndipo neno "kali" linapodanganya kuliko pote. Fungua kopo la mchanganyiko wenye Latakia na nyumba nzima itajua. Inanuka moshi, lami, ubani wa msikitini, samaki wa kubanika, ngozi. Mtu akiinusa anasema hii itaniua. Akiivuta anakuta ni mpole: nikotini kidogo, haiwashi pua, na moshi wake ni wa baridi. Inasikika mbali, lakini haigongi.

Jina ni la bandari ya Latakia, Syria, ambako jani liliitwa Shekk-el-Bint na kufukizwa kwa kuni za milimani. Ya Cyprus, ambayo ndiyo utakayoikuta karibu kila mahali leo, ni jani dogo la Mashariki lililoanikwa juani kwanza, kisha likafukizwa kwa vichaka vyenye manukato: mastiki, mihadasi, misonobari, miberoshi. Nasema kufukizwa kwa makusudi. Jani la Ruvuma linabanikwa kwa moshi wa magogo. Jani la Cyprus linafukizwa kama nguo inavyofukizwa udi, na aliyewahi kuvaa kanzu iliyofukizwa anajua kwamba manukato yanaweza kujaa kitambaa bila kumchoma anayekivaa.

Ndiyo sababu vipimo vyake viko mbali na vya wenzake. Gramu 1 katika 20 ni kivuli tu cha moshi, na ni kizuri kwenye mvuke ikiwa hutaki mtu ajue. Gramu 2 hadi 3 ni kiungo kamili. Gramu 6 au 7, karibu theluthi, ndiyo michanganyiko mingi inayoitwa ya Kiingereza. Unaweza kufika gramu 10, yaani nusu, na bado ikavutika kwa raha, jambo ambalo kwa Perique karibu haliwezekani. Kinachotokea ukizidisha Latakia ni kukinai. Baada ya nusu kila kiko kinakuwa sawa na kilichopita, kikavu, na ulimi unaacha kuonja.

Ubaya wake ni mwingine: inabaki. Kiko cha mbao ukikivutia Latakia mara tatu nne, utaionja wiki nzima baadaye hata ukitia ya mvuke tupu. Ya moshi nayo inabaki kidogo, Perique inaondoka haraka. Anayeanza na mwenye kiko kimoja afikirie hilo kabla ya gramu. Kwa majaribio mimi hutumia kiko cha gunzi la hindi, vile vinavyotengenezwa mji wa Washington, Missouri, tangu 1869. Ni rahisi, havihitaji kuzoeshwa, na unaweza kukitenga kimoja kwa Latakia bila kuumia moyo.

Majani ya Mashariki, na jani la sigari

Haya nitayapitia haraka. Majani ya Mashariki, yanayotungwa kwenye uzi na kuanikwa juani Uturuki, Ugiriki na Makedonia, yenye majina kama Izmir, Samsun, Basma na Xanthi, ni viungo vya upole: harufu ya mimea mikavu, uchachu mdogo, nikotini chache. Gramu 3 hadi 6 katika 20 haziogopeshi. Kazi yao kubwa ni kuunganisha Latakia na ya mvuke, ambazo bila mpatanishi hukaa kila moja upande wake.

Jani la sigari linatiwa kidogo, nusu gramu hadi gramu 1. Linaleta udongo na ukavu. Kwangu si la lazima, na wanaolipenda wanalipenda kweli.

Ukitaka kuona viungo vitatu vikikaa pamoja bila ugomvi, jaribu hii: mvuke gramu 9, Latakia 6, Mashariki 4, Perique 1. Ile gramu 1 ya Perique ndiyo inayozuia Latakia isikinaishe. Itoe, uvute, kisha uirudishe, utaiona kazi yake hata kama huwezi kuitaja kwa jina. Ukiifanya iwe gramu 3, umevuruga meza yote.

Kabla hujahukumu kipimo

Mchanganyiko wa leo hausemi ukweli leo. Ukichanganya bakulini na kuwasha hapo hapo, unaonja majirani, hujaonja ndoa. Changanya kwa vidole, si kwa kijiko, ukitenganisha nyuzi za Perique kwa sababu hupenda kushikana vibonge, na kibonge kimoja ndani ya kiko ni sawa na kutafuna punje nzima ya pilipili manga kwenye wali. Tia kwenye chupa ya jemu iliyooshwa na kukaushwa vizuri, funga, iache wiki mbili hadi nne mahali pasipo jua.

Ukipanga kuweka kwa miaka, hesabu inabadilika tena, na inabadilika tofauti kwa kila jani. Latakia hupungua sauti kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo anayeweka aongeze kidogo. Ya moshi haibadiliki sana. Ya mvuke na Perique ndizo zinazopenda kuzeeka pamoja: pilipili inashuka, tunda linapanda, na rangi ya mvuke inaingia giza.

Kwenye kifuniko cha kila chupa nabandika plasta na kuandika: msingi gramu ngapi, kiungo gramu ngapi, tarehe. Juzi nilifungua mbili zilizokaa miaka miwili bega kwa bega kabatini, moja mvuke gramu 18 kwa Perique 2, nyingine 17 kwa 3. Zilipokuwa changa ile ya 3 niliishindwa, nikaiweka nyuma ili nisiione. Sasa ya 2 imekuwa tamu na nyororo, nzuri, lakini pilipili yake naitafuta. Ya 3 bado inayo, nyuma ya tende, inagonga pua mara moja na kuondoka. Nimetia gramu 34 za mvuke na 6 za Perique kwenye chupa mpya, nikaandika tarehe ya leo.